Mvua Ndiyo Adui: Maneno Yangu kwa Wenye Boti za Faiba Mwanza

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wenye boti, mafundi na vijana wa ufundi tuliokutana ufukweni Ilemela. Walioshindwa kufika kwa sababu walikuwa ziwani wameomba wayapate yote, kwa hiyo nimeyaandika yalivyotoka mdomoni. Picha nilizobandika ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Nimesikia walioko mbele tu. Mwangaluka! Haya, sasa tumefika wote.

Wazee wangu, mama zangu wa mwaloni, mafundi, wanangu mnaosomea ufundi: ahsanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kumsikiliza mzee akisema habari za boti yake. Mnaijua. Ni ile nyeupe yenye mlingoti mrefu, ambayo watoto wa hapa wanaiita boti ya mzungu, ingawa mzungu alishaiuza akaenda zake na anayenunua rangi ni Msukuma.

Ni boti ya matanga, futi 26, ya faiba, imejengwa Uingereza miaka ya 1970. Ina mikuku miwili sambamba, yale mapezi ya chini ya tumbo, badala ya mmoja, kwa hiyo ukiivuta mpaka mchangani inasimama wima yenyewe, haiombi kreni. Ilipanda lori Mombasa ikashukia Kisumu, na kutoka Kisumu ikaja kwa upepo. Kila ninapoiegesha, mtu hunijia na moja kati ya maswali mawili. La kwanza: "Mzee, chombo cha miaka hamsini unakiaminije?" La pili huulizwa zaidi na ndugu zetu wa pwani: "Unahangaika nini na matengenezo, na nyie ziwa lenu halina chumvi?"

Nitayajibu yote mawili. Lakini hilo la chumvi ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Tuanze na umri. Faiba ni nini? Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, rezini ikaganda. Mwaka 1942, huko Ohio, Marekani, Ray Greene aliunda mashua ndogo ya tanga kwa nyuzi hizo. Mwaka 1956 ikatoka boti ya faiba iitwayo Bounty II, ya futi 40, aliyoichora Philip Rhodes. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya New York, watu wakaiona Triton ya futi 28, kazi ya Carl Alberg, Msweden aliyehamia Marekani. Hapo ndipo mtu wa mshahara wa kawaida kule kwao alipoanza kufikiria kuwa na boti yake mwenyewe, kwa sababu ukishakuwa na kalibu moja unatoa boti ya pili, ya tatu, ya mia, bila kumtafuta seremala mwingine.

Wajenzi wa wakati ule walikuwa na wasiwasi na kitu hiki kipya. Walizoea mbao. Mtu mwenye wasiwasi anafanyaje? Anaongeza. Wakaweka tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana boti nyingi za zamani zina matumbo mazito kuliko zilizokuja baadaye. Walinzi wa pwani wa Marekani walijenga boti za doria za faiba za futi 40 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya miaka 10 ya kazi walikata vipande kwenye mwili wa mojawapo wakavipima. Baada ya miaka 20 wakapima tena. Nguvu ilikuwa karibu ile ile! Chombo kimepigwa na mawimbi miaka 20, na faiba yake haijachoka.

Kwa hiyo anayeniuliza unakiaminije chombo cha miaka hamsini, jibu langu ni hili: tumbo lake naliamini kuliko magoti yangu.

Ila kuna jambo. Mwaka 1962, kule Whitby, jimbo la Ontario, ukingoni mwa Ziwa Ontario, walianza kujenga boti ya futi 30 iliyochorwa na huyo huyo Alberg. Zilitoka zaidi ya 700, na nyingi zinatembea hadi leo. Ile ni boti ya ziwani, boti ya maji baridi kama yetu. Sasa waulize wenye nazo: boti yenu inaumwa wapi? Hawatakutajia tumbo. Watakutajia sitaha, ile sakafu ya juu ya boti. Watakutajia boriti ya mbao iliyo chini ya mlingoti. Yote hayo yako juu ya maji. Ziwa halifiki huko. Ni nini basi kinachofika huko?

(Mama mmoja akajibu: "Mvua!")

Mvua, mama yangu. Umemaliza hotuba yangu.

Sisi tunaogopa maji ya chini. Usiku upepo ukibadilika tunaamka kutazama kama boti imejaa. Lakini maji yanayoua boti kuukuu ya faiba yanatoka juu, tena yanaingia polepole, tena yanaingia kwenye tundu dogo kuliko kidole cha mtoto. Nifafanue kwa wale ambao hawajawahi kuikata sitaha. Sitaha ya boti kama yangu si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba za faiba, moja juu na moja chini, na katikati yake mbao laini nyepesi iitwayo balsa. Imefanywa hivyo ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Ni ufundi mzuri sana, mpaka siku mtu atakapotoboa tundu.

Na nani asiyetoboa? Unataka kufunga reli, unatoboa. Unataka kufunga paneli ya sola, unatoboa. Unataka kishikio cha kamba, unatoboa. Kila tundu ni mlango wa kuingilia kwenye balsa. Na hapa ndipo chumvi inapoingia kwenye maneno yangu. Mbao iliyolowa maji ya bahari inakawia kuoza, maana chumvi inawazuia kuvu wanaoozesha mbao. Maji ya mvua hayana kizuizi chochote. Mvua ikiingia kwenye balsa, na jua la Mwanza likaipasha joto humo ndani, kuvu wanapata kila wanachokitaka. Juu sitaha inang'aa nyeupe. Ndani umebaki uji mweusi. Ni kama jino: ukiliona linacheka, hujui mizizi ina nini.

Nina rafiki, simtaji, yupo hapa na ameshaanza kutazama chini. (Kicheko.) Alinunua boti nzuri ya matanga, ndefu kidogo kuliko yangu. Akaleta fundi wa sola, fundi mzuri wa mabati, akamfungia paneli nne juu ya sitaha kwa skrubu, na kila skrubu akaizungushia silikoni ya madirisha. Silikoni ile haishiki vizuri sitaha inayonyumbuka, na ikibanduka inaacha mafuta yanayokataa rangi. Masika ikapita. Masika nyingine ikapita. Siku moja mwanawe akaruka kutoka gatini, mguu ukadidimia kidogo kwenye sitaha, akasema, "Baba, hapa pamekuwa godoro."

Hilo la godoro lingetengenezeka. Maji hayakuishia hapo. Ndani ya sitaha yalitembea kwa mbavu hadi kwenye mabamba ya chuma yanayoshika waya za mlingoti. Mafundi, nisikilizeni. Ile tunayoiita steinlesi haishiki kutu kwa sababu moja tu: inapata hewa, na hewa inaijengea ngozi. Ukiifungia mahali penye unyevu pasipo hewa, ile ngozi inakufa na chuma kinaliwa kutoka ndani, kimyakimya, huku sehemu iliyo nje inang'aa kama kijiko cha harusi. Bamba la rafiki yangu lilikatika wakipiga bisho, yaani wakienda upande upande kuupinga upepo, kuelekea Ukerewe. Waya ikalegea, mlingoti ukaenda majini na tanga lake. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Walirudi kwa mashine wakiburuta aluminiamu ubavuni. Unadhani rafiki yangu alisema nini kilichovunja mlingoti? Alisema upepo. Upepo ulikuwa wa kawaida. Ilikuwa mvua ya miaka miwili iliyopita.

Sasa dawa. Inafanyika hapa hapa Mwanza na haihitaji mtaalamu wa kutoka nje. Kila bolti inayopita kwenye sitaha, itoe. Toboa tundu kubwa zaidi kwenye ngozi ya juu na kwenye balsa, acha ngozi ya chini. Kwangua mbao zote zilizolainika mpaka ufike kwenye balsa kavu. Iache ikauke, na usiidanganye kwa dakika tano za jua. Funika na turubai, wiki ikipita ipite. Kisha jaza epoksi, ile rezini inayonata kwa nguvu, iliyokorogwa na unga wake mpaka iwe nzito. Ikishaganda, toboa tundu la bolti katikati ya epoksi hiyo. Sasa bolti inapita ndani ya ukuta mgumu, na hata kizibo kikichoka, maji yataishia kwenye epoksi, mbao hazitaguswa. Kwa kizibo chenyewe napendelea butili, ule utepe mweusi au wa kijivu unaonata miaka na miaka na unakubali kunyumbuka. Silikoni iache kwenye madirisha na sinki.

Utajuaje pa kuanzia? Chukua sarafu ya shilingi 200. Gonga sitaha, inchi kwa inchi. Panapolia ting, ting, ni pazima. Panapojibu pu, pu, hapo pana mgonjwa. Chora duara kwa penseli, endelea. Asubuhi moja inatosha, na ukimaliza una ramani nzima ya gharama zako. Fundi yeyote anayekupa bei ya sitaha kabla hajaigonga, mwambie ahsante, mpe soda, aende.

Nyie vijana mnaochanganya rezini ya poliesta, neno dogo. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, ni asilimia 1 hadi 2, na kwa joto la hapa sogea kwenye 1. Nimeona kopo likitoa moshi mkononi mwa kijana saa nane mchana. Changanya kidogo, asubuhi au jioni. Na ukiunga faiba mpya na ya zamani, usibandike kiraka juu ya rangi. Piga grainda kwa mteremko: unene wa 1, mteremko upana wa 12. Kwenye boti kuukuu tumia epoksi, ni ghali lakini inaishika faiba ya zamani kwa nguvu kuliko poliesta inavyoishika.

Haya, tushuke majini sasa, maana msije mkasema nimewaambia ziwa halina neno.

Mnaikumbuka meli ya MV Victoria? Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ikafanyiwa ukarabati mkubwa hapa Mwanza na mwaka 2020 ikarudi kazini. Chuma cha mwaka 1961! Baharini chuma hicho kingedai matunzo mengi zaidi. Ndiyo maana watu wetu wanaamini maji baridi ni rafiki wa kila chombo. Kwa chuma, ndiyo. Kwa faiba, sivyo.

Faiba inakunywa maji. Taratibu, lakini inakunywa. Maji yanapenya jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, yanakutana na mabaki ya kemikali ambayo hayakuganda siku boti ilipojengwa, yanayeyusha mabaki hayo na kuwa tindikali. Tindikali hiyo inavuta maji zaidi kutoka nje. Na maji yanavutwa kwa nguvu zaidi kadiri maji ya nje yalivyo safi na yasivyo na chumvi. Mmeona? Boti ile ile, ukiiacha ziwani inaweza kutoka malengelenge mapema kuliko ukiiacha baharini. Joto la maji nalo linaharakisha. Sisi tuna maji baridi kwa jina na ya vuguvugu kwa kuyashika, tumepata vyote viwili.

Lengelenge ukilitoboa, vaa miwani kwanza, maana linaruka, na harufu yake ni ya siki. Je, litazamisha boti? La, mara chache sana. Watu wameuza boti nzuri kwa bei ya kutupa kwa kuogopa malengelenge ya tumbo, halafu wakanunua nyingine iliyooza sitaha. Malengelenge machache unayapasua, unayaosha kwa maji safi mara nyingi, unayakausha, unayajaza epoksi, unapaka epoksi juu. Dawa kubwa kuliko zote ni boti kulala nje ya maji sehemu ya mwaka. Hapo ndipo ninapoishukuru mikuku yangu miwili.

Kitu kingine cha maji baridi. Wale wenye mashine yenye propela ya shaba mnafunga kipande cha zinki ili kiliwe badala ya propela. Mtu wa duka anakuuzia zinki kwa sababu Dar wanatumia zinki. Ziwani zinki inajifunika utando, inalala usingizi, na propela inaliwa. Huku tumia kipande cha magnesiamu. Ila siku ukiipeleka boti baharini, ing'oe, kule itayeyuka upesi.

Na kuna maji baridi yanayomla mwenye boti mwenyewe. Naomba mama zangu mlisikie hili kwa ajili ya watoto. Tunasugua matumbo ya boti tukiwa tumesimama kwenye maji ya mapaja, katikati ya majani, saa sita mchana. Hapo ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na mchana wa jua kali ndipo vijidudu vyake vinapotoka kwa wingi. Vinapita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia, hodari kweli, alianza kudhoofika, tumbo linauma, choo kina damu. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, mpaka zahanati walipompima wakampa prazikwanteli. Tangu hapo boti yangu inasuguliwa ikiwa juu ya mchanga mkavu. Anayetaka kuisugua majini aende na mabuti marefu au asiende. Siongezi neno.

Jua nalitaja kwa kifupi. Tuko karibu na mstari wa ikweta, tena mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la hivyo linakula uzi wa tanga kabla ya kitambaa. Tanga likianza kufunguka mishono, usilitupe. Wako mama zetu hapa mjini wanaoshona maturubai ya malori. Mpe uzi wa poliesta mnene, atalishona upya. Na tanga lisipotumika lifunikwe.

Radi nayo. Mlingoti wa aluminiamu katikati ya ziwa la Victoria unaiita. Faiba haipitishi umeme, na maji yasiyo na chumvi yanaupitisha kwa shida, kwa hiyo radi ikikosa njia pana ya kushukia inajitobolea yake kwenye tumbo. Funga waya mnene wa shaba kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye bamba kubwa la chuma lililoko majini, kubwa kuliko wanalotumia wa baharini. Na wingu likijikusanya, rudi. Waya hauzuii radi.

Nimalizie na fedha, maana najua ndicho mnachokingojea.

Wazungu wana kanuni yao: tenga asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka kwa matengenezo. Kwa boti kuukuu kanuni hiyo ni uongo. Kwa nini? Kwa sababu rangi haijui ulinunua kwa bei gani. Kamba haijui. Waya ya mlingoti haijui. Boti ya bure ya futi 40 inakula rangi ya futi 40. Alinijia kijana mwaka juzi, mfanyabiashara wa dagaa, furaha tele: kuna mtu Bukoba anampa boti ya matanga ya futi 38, bure kabisa, ahamishe tu. Nikamwambia, mwanangu, ukizidisha urefu mara mbili, mzigo na ujazo unakaribia mara nane. Tukakaa na karatasi: nanga, kamba, matanga, mashine, rangi, mahali pa kuivutia nchi kavu. Ilipofika katikati ya ukurasa akaikunja karatasi akaiweka mfukoni. Leo ana boti ya futi 22, na wikiendi anasafiri nayo. Ile ya Bukoba, nasikia, bado inagawiwa bure. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Na mashine. Boti hizi za zamani zilikuja na injini ndogo za dizeli ambazo waliozitengeneza wengine walishafunga viwanda. Utasubiri spea miezi mitatu. Mimi niliitoa yangu nikafunga mashine ya nje, Yamaha, ile ile wanayotumia wavuvi. Wapenzi wa boti za kale watanilaani. Walaani. Nikikwama Kome, Ukara au Nansio, fundi yupo, spea ipo, na bei naijua.

Sasa wavuvi mnaweza kusema, mzee anasema habari za starehe zake, sisi zinatuhusu nini? Zinawahusu. Tangu boti za faiba za mkopo zilipoanza kugawiwa kwa vikundi huku kwetu, nimeziona mwaloni zikitobolewa matundu ya taa na ya vishikio, bila kuzibwa. Mitumbwi ya mbao tulijua kuitunza: ukiona inavuja unaita fundi, anapiga kalafati, unarudi kazini. Mbao inakuonyesha ugonjwa wake. Faiba inauficha. Mkopo mtaendelea kuulipa hata sakafu ikishakuwa godoro.

Kwa hiyo hatuketi tena. Boti yangu iko mchangani pale, na kuna mbili za vikundi zimevutwa kando yake kwa ruhusa ya wenyewe. Tugawanyike makundi matatu, kila kundi na fundi mmoja na kijana mmoja wa kushika penseli. Mwenye sarafu ya 200 aitoe. Anzeni kwenye matundu ya bolti na miguu ya reli, kisha mzunguke mlingoti. Penye pu, chora. Mkimaliza tutafungua duara moja kwenye boti yangu na nitailipia mimi, mwone kilichomo. Na wewe uliyesimama majini kule nyuma na kaptula, toka huko, njoo huku pakavu.